Kifungo cha Koti la Kijani

Alhamisi, saa moja jioni, chini ya kanisa la Mtakatifu Volodimiri,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri na magari yamechomekwa umeme yasigande,
nimeketi, mwanamume pekee kati ya wanawake kumi na mmoja,
na mkasi wa meno ya mawimbi usiotoshea vidole vyangu.
Miaka thelathini na minne nilipima ngano ghalani,
tani sikuzikosea.
Leo nashindwa na sentimita mbili.

Darlene aliniachia sanduku la viatu na albamu isiyoguswa.
Picha, na chini ya picha mapambo aliyokusanya:
puluki ndani ya kopo la dawa ya kikohozi,
utepe wa zawadi ya mtu, kaupiga pasi ukawa mpya,
vipepeo vya karatasi, stika za maboga,
na kifungo kimoja cha kijani, kimemeguka ukingoni.
“Nitaanza baridi ikiingia,” alisema.
Baridi iliingia mara ishirini.

Ukurasa wangu wa kwanza niliupamba kama bibi harusi wa kwao tajiri:
maboga pembe zote nne, puluki juu, puluki chini,
vipepeo saba wakamzingira Darlene
mpaka ukadhani kavamiwa na nyuki.
Gundi ilinifika kwenye kiwiko.
Bernice Hrynchuk akapita, miwani nchani mwa pua.
Hakucheka. “Mkeo yuko wapi hapa?”
Nikamwonyesha kwa kidole.
“Unaona? Imebidi utumie kidole.”

Kisha akatukariria, kama mtu aliyeyasema kwa miaka huku akikanda unga:

*Chagua picha ni moja, iwe ndiyo mwenye nyumba,*
*Nyingine zije kungoja, pembeni bila kutamba,*
*Mapambo yawe na haja, si kujaza na kuremba,*
*Matatu yawe pamoja, nafasi wazi ni shamba.*

Shamba nalijua.
Ukipanda mpaka ukingoni, trekta litapita wapi?

Nikabandua maboga. Karatasi ikachubuka.
“Ndiyo kazi ya utepe, Lorne,” akanong'ona,
“kufunika makosa. Wengi hawaambiwi.”
Tina Fehr, jirani yangu wa kushoto, akanipa karatasi ya rangi ya haradali
niitandike nyuma ya picha, ubaki ukingo mwembamba kama fremu.
Gundi baadaye, akasema. Panga kwanza, ondoka, kunywa chai, urudi.
Nikanywa chai. Nikarudi.

Picha ni ya mwaka sabini na tisa. Nimeiweka kulia kidogo, si katikati:
Darlene kando ya lori, kakunja uso,
upepo unamvuruga nywele
na mimi nachelewa kubonyeza kamera.
Chini yake utepe, puluki moja tu,
na nilipotafuta cha tatu nikashika kifungo.
Ndipo nikaona.
Koti lile lina vifungo vinne na pengo,
cha tatu kutoka juu hakipo,
uzi unaning'inia.
Koti tulikwisha kuligawa zamani, sikumbuki kwa nani.
Kifungo yeye alikiweka.

Bernice anataka maneno kwa mkono wetu, hata mwandiko ukiwa wa kuku:
“Huo nao ni pambo.”
Nikafikiri sana, wino ukakauka kwenye ncha.
Nikaandika: *Nilichelewa.* Nikagonga muhuri wa tarehe,
ukatoka mshazari, nikauacha.

Tina akatazama upande wa kushoto, mweupe mtupu.
“Hapa huweki hata kipepeo?”
Nikamwambia hapana, hapo ndipo upepo unapotokea.

Alhamisi ijayo tutashona ukurasa kwa uzi.
Nimeambiwa nije na sindano.
Darlene alikuwa nazo, mahali fulani;
nitaanza na droo ya jikoni.